Je, Wajua? Hita ya Jua Huendeshwa na Milimita 14

Mwambie jirani wa Kibaha kwamba unajenga na unataka kuweka hita ya maji ya jua. Atakuuliza moja kati ya mawili: "Pwani hii na joto lake, maji ya moto ya nini?" au "Hiyo sola yenyewe ni ya wati ngapi?"

La kwanza halina ugumu. Muulize mama aliyetoka kujifungua, mzee mwenye baridi yabisi, au mtoto anayeogeshwa saa 11 alfajiri mwezi wa Julai ili awahi gari la shule. Muulize anayefuga kuku wa nyama, maana kuku hanyonyoki kwa maji ya bomba. Maji ya moto tunayatumia kila siku, ila tunayapata kwa mkaa, kwa gesi, au kwa ile koili ya kuchovya kwenye ndoo, kifaa ambacho sitakisifia kamwe katika nyumba yenye watoto.

La pili ndilo linalonikera. Hita ya jua haitoi umeme. Haina betri, haina inveta, haina hata swichi. Inachukua joto la jua kama lilivyo na kulihifadhi kwenye tenki lililovikwa sponji nene. Paneli ya umeme hubadili takribani sehemu moja ya tano ya nguvu ya jua. Hita ya maji hunasa nusu yake, na mara nyingine zaidi. Paneli ya hita yenye mita 2 za mraba, kwa jua la kawaida la ukanda huu, huingiza joto la uniti 5 hivi kwa siku. Hizo zinatosha kupandisha lita 150 za maji kutoka nyuzi 27 hadi 55. Kwa mwezi, kazi hiyo ni karibu uniti 150. Daraja la TANESCO la watumiaji wadogo linaishia uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo familia inayopasha maji kiasi hicho kwa umeme imeshatoka kwenye bei nafuu kabla haijawasha taa.

Hata hivyo, si pesa iliyonifanya nikipende kifaa hiki. Ni namna kinavyoyasukuma maji.

Pampu isiyokuwepo

Katika mfumo ulio rahisi kuliko yote, paneli hukaa chini, tenki la moto hukaa juu yake, na mabomba mawili huviunganisha. Maji yaliyopata moto hupanda kuingia tenkini, ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Watu husikia hivyo, wakatikisa kichwa kukubali, wakapita. Wasipite. Wapige hesabu ya nguvu yenyewe.

Lita 1,000 za maji yenye nyuzi 25 zina uzito wa kilo 997. Zikifika nyuzi 60, lita 1,000 huwa na kilo 983. Tofauti ni kilo 14. Sasa simamisha mabomba mawili ya mita 1 kila moja, moja lina maji ya baridi na jingine ya moto. Lile la baridi hulizidi la moto kwa msukumo sawa na kina cha maji cha milimita 14, upana wa kidole. Injini nzima ni hiyo. Pampu ndogo ya kisima inapandisha maji mita 20 au 30. Hii ina milimita 14, na hapo nimeikadiria kwa ukarimu, kwa sababu si maji yote ndani ya paneli yanayofikia nyuzi 60.

Udogo huo una faida yake. Jua likiwaka sana, tofauti ya uzito huongezeka na maji huenda kasi. Wingu likipita, hupunguza mwendo. Jioni husimama yenyewe. Hakuna kihisi wala kompyuta, na hakuna cha kuungua umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Ndani ya tenki maji hujipanga kwa tabaka, ya moto juu na ya baridi chini, ndiyo maana bomba la kwenda bafuni hutoka juu na lile la kujazia huingilia chini. Ukiyabadilisha, utaoga vuguvugu mwaka mzima.

Ila injini yenye milimita 14 haina pa kupotezea nguvu. Kila elbo huila. Bomba jembamba huila. Bomba lililolegea katikati likafanya tumbo huacha hewa ijikusanye kwenye kilima kinachofuata, na hapo mzunguko hufa kabisa. Fundi bomba mzuri, aliyezoea pampu, ataongeza vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Anatengeneza vizuri kadiri anavyojua, lakini vali nyingi za aina hiyo zina springi ngumu kuliko msukumo wote uliopo. Maji yatabaki yameduwaa nyuma yake huku paneli ikichemka.

Usiku kazi hugeuka. Paneli iliyoelekezwa angani hupoa haraka, na kama tenki liko sawa nayo au chini yake, maji ya moto yataanza kurudi kwenye paneli, na kufika alfajiri umeipa mbingu joto ulilokusanya mchana kutwa. Dawa haihitaji vali: sehemu ya chini ya tenki iwe juu ya ncha ya paneli kwa sentimita 30 au zaidi. Clarence Kemp wa Baltimore alisajili hita yake ya jua mwaka 1891, lakini matenki yake yalikaa ndani ya kasha lenye kioo, na asubuhi maji yalikuwa yamepoa. Mwaka 1909 huko California, William J. Bailey alilitenga tenki na paneli, akalivika joho la kutunza joto na kulipandisha juu. Kampuni yake aliiita Day and Night, yaani usiku na mchana, na jina lilikuwa ndilo tangazo.

Mwinamo wa Beijing juu ya bati la Kisarawe

Hita nyingi zinazouzwa sasa ni za mirija ya kioo, tenki na mirija vikiwa vimeshaunganishwa. Humo kazi ni ileile, ila hufanyika ndani ya kila mrija: maji ya moto hupanda upande wa juu, ya baridi hushuka upande wa chini. Tatizo ni fremu. Nyingi huja na mwinamo mkali, nyuzi 30 hadi 45, pamoja na kijitabu kinachosema uelekeze kusini.

Ushauri huo ni sahihi kwa Beijing, iliyo nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini. Hapa jua la mchana hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10. Kati ya tarehe hizo, yaani miezi saba, liko kaskazini mwetu, na mwishoni mwa Juni huegemea huko kwa nyuzi 30. Hicho ndicho kipindi cha kipupwe, maji yanapotakiwa zaidi. Hita iliyolazwa nyuzi 45 kuelekea kusini, mchana wa Juni hupata takribani robo tu ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingeupata kama ingelitazama jua. Mwenye nyumba atasema sola haifanyi kazi Pwani. Sola haina kosa, imepewa mgongo.

Ielekeze kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 15 hivi. Ukilaza zaidi ya hapo, maji hukosa kilima cha kupanda na mvua haioshi vumbi. Mwezi wa Desemba jua likihamia kusini utapoteza kidogo, lakini Desemba ya Pwani nani anadai maji ya moto sana?

Urefu huamuliwa msingini

Hapa ndipo ugomvi wangu na wachora ramani. Hita ya jua huchukuliwa kama king'amuzi: nyumba iishe, ipakwe rangi, ndipo itafutwe pa kuibandika. Kumbe inahitaji mpangilio wa vimo ambao hauwezi kurekebishwa baadaye kwa bei rahisi. Simtanki la baridi liwe juu ya yote, tenki la moto chini yake, paneli chini zaidi, na bomba la mvua bafuni chini ya hayo yote kwa mita kadhaa, kwa sababu kila mita 1 ya kimo hutoa shinikizo la sehemu moja tu ya kumi ya baa.

Tazama nyumba mpya zinazoota kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kibaha hadi Mlandizi. Simtanki liko kwenye mnara wa mita 3, paa la msauzi limepanda mita 5 au 6. Hita ikiwekwa kileleni, maji hayaifikii. Suluhisho la haraka ni pampu, na kifaa kisichohitaji umeme kinafungwa kwenye LUKU. Wengine huunganisha maji ya baridi moja kwa moja kutoka bomba la mtaani na ya moto kutoka tenkini. Koki ya kuchanganyia ikifunguliwa, maji ya baridi yenye nguvu huyarudisha ya moto yalikotoka. Yote mawili yatoke simtanki moja.

Njia ninayoipenda ni mnara wenyewe ujengwe wa ghorofa mbili: simtanki juu, tenki la moto katikati, paneli ikiegemea upande wa kaskazini. Au hita ikae kwenye paa la baraza, ambalo ni fupi. Ikilazimu iwe kwenye paa kubwa, fundi seremala aambiwe mapema, maana hita ya lita 150 ikijaa hupita kilo 200, na kenchi zilizopangwa kubeba bati tu zitalalamika. Kisha masta, jiko na bafu la watoto vikaribiane. Bomba la nusu inchi lenye mita 15 hushika zaidi ya lita 2.5 za maji, na kila asubuhi hizo humwagwa chini ukisubiri ya moto yafike. Livike sponji nyeusi ya mabomba ya kiyoyozi.

Maji yenyewe nayo yana visa. Ya kisima chenye chumvi huacha ukoko ndani ya mabomba na kula tenki. Ndani ya matenki mengi kuna fito ya magnesiamu iliyowekwa ili iliwe yenyewe badala ya chuma. Ikiisha, chuma hufuata. Nani huifungua kuitazama? Na mwaka 2021 Mto Ruvu ulipopungua, mgao wa maji ulitufundisha jambo la mirija ya kioo: ikikauka juani hupita nyuzi 200, na maji ya DAWASA yakirudi saa 7 mchana yakaingia humo, kioo hupasuka. Koki ya kujazia ifungwe wakati wa mgao, ifunguliwe jua likishatua na mirija ikishapoa.

Denmaki wanatucheka?

Mwaka 1963 nchi za Nordiki, Denmaki ikiwemo, zilianzisha Kibaha mradi wa shule, afya na mafunzo ya kilimo, ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Tanzania na leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Denmaki hiyohiyo, iliyo nyuzi 56 kaskazini na yenye majira ya baridi ya kiza, mwaka 2016 ilikamilisha mjini Silkeborg uwanja wa paneli za kupasha maji wenye zaidi ya mita za mraba 156,000, na jua linachangia karibu sehemu moja ya tano ya joto la mji huo. Israeli ilizifanya hita za jua kuwa lazima kwenye nyumba mpya mwaka 1980. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 kwa majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku. Sisi tuna Kazimzumbwi na Ruvu Kusini, misitu ya pwani ambayo wachoma mkaa wameikwangua miaka mingi kwa ajili ya majiko ya Dar es Salaam.

Wapo watakaosema Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115 limemaliza hoja. Umeme ni wa kuendesha vile ambavyo haviendeshwi na kingine: mashine, friji, vifaa vya chumba cha upasuaji. Kuuchukua kutoka Rufiji, kuupitisha kwenye nyaya na transfoma, ili uishie kuvuguvugisha ndoo ya mtu mwenye jua juu ya bati lake, ni israfu. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zingeweza kuanza kwa jambo dogo: ramani inayoombewa kibali ionyeshe pa kukaa hita na kimo cha mnara, hata kama mwenyewe hatainunua mwaka huo.

Matumizi? Kuoga, kufua, vyombo vya shughuli, kunyonyoa kuku kwenye nyuzi 60 hivi, ndoo za kukamulia, zahanati, mabweni, gesti, saluni. Na sufuria ya ugali: maji yakianzia nyuzi 60 badala ya 27, karibu nusu ya moto wa kuyachemsha umeshalipwa.

Ukienda kwa mchora ramani, basi, anza na kimo cha mnara. Rangi ya vigae itasubiri.