Prustaiti: Fedha Iliyovaa Wekundu

Katika jamii ya madini yachukuayo fedha, sidhani kama yapo yamhadayo mtazamaji kuliko prustaiti. Kwani aionaye kwa mara ya kwanza, nyekundu, yenye kupenya nuru mithili ya yakuti, ni muhali kumsadikisha ya kuwa takriban asilimia 65 ya uzito wake ni fedha, na baki yake ni salfa na arseniki, ambayo ni sumu. Lakini yakuti haikwaruziki ila kwa almasi na machache mengine, hali prustaiti hukwaruzwa hata na sarafu ya shaba.

Wachimbaji wa Saxony, huko Ujerumani, waliijua tangu zamani, ila hawakuipambanua na nduguye pairajiraiti, iliyo na antimoni mahali pa arseniki, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, mwanakemia wa Kifaransa Joseph Louis Proust alipobainisha ya kuwa ni madini mawili mbalimbali. Na mwaka 1832 moja likapewa jina lake.

Asili yake ni maji ya moto yapandayo katika nyufa za miamba, nayo yamebeba fedha iliyoyeyuka, aghalabu ikiwa imeshikamana na klorini ya chumvi au na salfa. Na kila yakaribiapo uso wa ardhi hupoa, yasiweze tena kuihimili shehena yake. Madini ya risasi na zinki kwa kawaida hutangulia kuganda. Prustaiti huja miongoni mwa ya mwisho, joto likiisha kushuka chini ya nyuzi 300 za Selsiasi, na pale ipatapo uwazi katika mshipa hukua fuwele timamu. Zilizo bora kabisa, kwa rai yangu, zilitoka Chañarcillo, katika jangwa la Atacama nchini Chile, ambako fedha iligunduliwa mwaka 1832. Na ni dhahiri kwamba nyingi ziliishia tanuruni, kwa kuwa mwenye mgodi alitafuta fedha, si uzuri.

Baada ya tanuru, adui yake wa pili ni nuru, ambayo huuharibu uso wake taratibu, wekundu ukafifia na utando wa kijivu cheusi ukatanda. Basi aliye na kipande chake asikiweke dirishani kwa fahari. Na akitie sandukuni, akifungue kwa mgeni, kisha akifunike.