Moai: Sanamu za Mawe za Rapa Nui

Rapa Nui ni kisiwa cha volkeno katikati ya Bahari ya Pasifiki, kilomita zipatazo 3,500 magharibi mwa pwani ya Chile, nchi inayokitawala tangu 1888. Eneo lake ni kilomita za mraba 164 hivi. Kisiwa cha karibu zaidi kinachokaliwa na watu, Pitcairn, kiko umbali wa takriban kilomita 2,000. Jina lingine la Rapa Nui, Kisiwa cha Pasaka, lilitolewa na Jacob Roggeveen, nahodha Mholanzi aliyefika huko siku ya Pasaka mwaka 1722. Wapolinesia walikuwa wamekwisha kuishi hapo kwa karne kadhaa, na kwa mikono yao walichonga sanamu zinazokaribia 1,000, ziitwazo moai.

Karibu zote zilichongwa mahali pamoja: Rano Raraku, mlima wa volkeno wenye mwamba laini wa majivu yaliyogandamana. Wachongaji walitumia vishoka vya basalti, jiwe gumu zaidi. Walianza na uso na mbavu sanamu ikiwa imelala chali, mgongo ukiachwa umeshikamana na mwamba hadi mwisho. Ndipo walipoukata, wakaiteremsha sanamu kwenye mteremko na kuisimamisha ili mgongo nao umaliziwe. Karibu moai 400 zingali hapo, katika kila hatua ya kazi. Kubwa kuliko zote, yenye urefu wa mita 21 hivi, haikubanduliwa kamwe kutoka mwambani. Zile ambazo picha huonyesha vichwa tu zina miili kamili chini. Udongo ulioporomoka kutoka mlimani ndio uliozifukia hadi mabegani.

Swali la jinsi zilivyosafirishwa limezua mabishano mengi. Masimulizi ya wenyeji husema moai zilitembea. Mwaka 2012 watafiti Terry Hunt na Carl Lipo walichapisha matokeo ya jaribio lao: watu 18 wenye kamba tatu waliisogeza sanamu ya mfano ya zaidi ya tani nne ikiwa wima, kwa kuiyumbisha huku na huku, kama kabati zito linavyosogezwa chumbani. Wapo wanaoamini zililazwa na kuburutwa juu ya magogo, lakini jaribio hilo liliyapa masimulizi ya kale heshima ambayo wageni wengi walikuwa wameyanyima.

Zilizofika mwisho wa safari zilisimamishwa juu ya majukwaa ya mawe yaitwayo ahu, mengi yakiwa ufukweni. Nyingi huelekea bara na kuipa bahari mgongo, kwa kuwa ni sura za wahenga wanaowalinda wazao wao vijijini. Baadhi zilivikwa kilemba cha jiwe jekundu kutoka machimbo ya Puna Pau, na macho yao yalikuwa ya matumbawe meupe.

Kufikia katikati ya karne ya 19 moai zote za kwenye majukwaa zilikuwa zimeanguka, nyingi zikiangushwa katika ugomvi wa koo. Pigo kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka nje: kuanzia 1862 wafanyabiashara ya utumwa kutoka Peru waliwateka wenyeji wengi, kisha ndui ikaua wengine. Mwaka 1877 walibaki watu 111 tu. Wazao wao wangali wanaishi kisiwani leo, na jamii yao, kupitia taasisi ya Ma'u Henua, ndiyo inayosimamia hifadhi iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1995.

Watalii hufika kwa ndege kutoka Santiago, safari ya saa tano au zaidi, na hulala Hanga Roa, mji pekee. Tiketi ya hifadhi huruhusu kuingia Rano Raraku mara moja tu, na sehemu nyingi hutembelewa pamoja na mwongozaji mwenyeji. Ahu Tongariki hupendwa zaidi alfajiri: moai zake 15, zilizotawanywa na tsunami ya 1960, zilisimamishwa tena miaka ya 1990 kwa kreni iliyotolewa na Wajapani. Kugusa sanamu au kukanyaga ahu ni marufuku. Katazo hilo lina sababu nzito, kwani mwaka 2008 mtalii alivunja sikio la moai huko Anakena, na mwamba huo laini tayari unaliwa na mvua, upepo na chumvi ya bahari.