Kipenyo Kwanza: Kubadili Saizi ya Matairi ya Gari la Spoti

Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004 ilitoka kiwandani na matairi ya 225/45R17. Nairobi gari hili linajulikana sana, na Dar es Salaam halikosekani. Mengi yaliletwa yakiwa yameshatumika Japani. Mwenye nalo akienda kununua matairi huwa na haja moja kati ya mbili. Mmoja anataka rimu kubwa, inchi 18 au 19, gari lipendeze. Mwingine amechoka kunyoosha rimu kila msimu wa mvua, anatafuta tairi nene zaidi. Wote wawili wanafuata hesabu moja, na hesabu hiyo inaanzia kwenye namba ambayo haikuandikwa popote ubavuni mwa tairi: kipenyo cha tairi zima.

Namba hiyo unaikokotoa mwenyewe. Katika 225/45R17, 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana, yaani milimita 101. R inaonyesha kuwa ni tairi la radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, wa juu na wa chini, upate milimita 634. Spidomita, uwiano wa gia na nafasi ndani ya madigadi vyote vilipangwa kwa kufuata kipenyo hicho. Mafundi wengi huruhusu tofauti isiyozidi asilimia 3. Kwa gari lenye kasi na madigadi finyu, ni busara kubaki chini ya 2.

Tumpime wa kwanza. Tairi la 225/40R18 lina kipenyo cha milimita 637, na la 225/35R19 lina 640. Yote mawili yanapita. Lakini tazama ubavu: kutoka milimita 101 umeshuka hadi 90, kisha 79. Ubavu ndio unaobeba upepo unaopokea pigo la shimo kabla halijafika kwenye rimu. Ukiukata, usukani unaitika haraka zaidi kwenye lami laini, na huo ndio uzuri wake. Kwenye lami iliyotoboka, pigo hilohilo linapinda rimu au kukata nyuzi za ndani, na tairi linatoa nundu ubavuni. Tairi lenye nundu halizibwi, linatupwa. Tena rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, na shokamzoba hupata kazi ngumu kulirudisha gurudumu chini baada ya kila tuta.

Wa pili naye akikimbilia 225/50R17, kipenyo kinafika milimita 657, asilimia 3.5 juu ya asili. Kama spidomita ilikuwa sahihi, ikisoma 100 gari linakwenda zaidi ya 103. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo pungufu ya ule halisi, kwa hiyo tairi kubwa linakula akiba iliyowekwa makusudi na mtengenezaji. Gia nazo zinakuwa ndefu, na gari linapoteza wepesi wa kuchomoka. Chaguo lililo karibu zaidi ni 235/45R17: kipenyo milimita 643, tofauti asilimia 1.4. Hata hivyo ubavu umeongezeka milimita 5 tu, na tairi hilo linahitaji rimu yenye upana wa inchi 7.5 hadi 9. Rimu ya STI ya mwaka huo ina 7.5 kamili, kwa hiyo uko kwenye mpaka wa chini.

Ubavu mkubwa wa kweli unapatikana kwa kupunguza rimu. WRX ya kawaida ya miaka hiyo iliyouzwa Marekani ilivaa 205/55R16: kipenyo milimita 632, karibu sawa kabisa na STI, lakini ubavu milimita 113. Mbona basi mwenye STI asishuke huko? Breki zinamkatalia. Kalipa zake za Brembo ni kubwa, na rimu nyingi za inchi 16 haziwezi kuzifunika. Magari ya mashindano ya dunia ya rali yana tatizo hilohilo, na yamelitatua kwa gharama: kwenye vumbi na mawe, kama Safari Rally ya Naivasha, yanavaa rimu za inchi 15, kwenye lami yanavaa za inchi 18, na diski za breki hubadilishwa pamoja nazo.

Baada ya kipenyo, soma alama zinazofuata saizi, mfano 91W. 91 ni kilo 615 ambazo tairi moja linaruhusiwa kubeba. W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya alama za awali, hasa unapochukua tairi jembamba: 87 ni kilo 545, pungufu ya kilo 70 kwa kila gurudumu.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba Subaru hii inavuta kwa magurudumu yote manne. Mzingo wa matairi ukitofautiana, difu ya kati inafanya kazi ya kusawazisha muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, inapata joto na kulika. Subaru ya Marekani inataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, milimita 6 hivi. Sasa linganisha tairi jipya lenye kashata za milimita 8 na kuukuu lenye 3: mzingo unatofautiana milimita 31, ingawa ubavuni yameandikwa saizi moja. Kununua matairi mawili tu ili kupunguza gharama kunaweza kukuletea bili ya giaboksi.

Kwa hiyo dukani fuata mpangilio huu: kipenyo, uwezo wa kubeba na mwendo, upana wa rimu, kisha nafasi. Mwombe fundi afunge gurudumu moja la mbele na kukata usukani hadi mwisho pande zote kabla hujalipia manne. Mwenye STI anayeendesha kwenye mashimo kila siku abaki na 225/45R17 yenye ubavu imara na apime upepo mara kwa mara. Milimita 5 za 235 hazitamwokoa. Inchi 18 zinamfaa anayeishi kwenye lami nzuri. Za 19 zinapendeza, lakini anayezitaka atenge kabisa fedha za kununua rimu nyingine.