Uvimbe wa taya la mtoto: Somo la Mulago kwa Afrika Mashariki

Mfanyabiashara anayetoka Busia, Mutukula au Katuna kununua mali Kikuubo au soko la Owino hufanya shughuli zake karibu na kilima cha Mulago. Wengi hukiona kwa mbali tu, mawazo yao yakiwa kwenye mzigo. Lakini mzazi aliyeacha mtoto nyumbani akiwa na taya lililovimba anapaswa kujua yaliyogunduliwa hapo.

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, katika Hospitali ya Mulago amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza.

Baadaye ilibainika kuwa hiyo ni saratani ya chembe za kinga, yaani walinzi wenyewe wa mwili.

Chembe hizo huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Baadhi, ziitwazo chembe T, huhamia kwenye tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua na kukomaa huko. Nyingine, chembe B, hukomaa palepale kwenye uboho. Zikiwa tayari, huingia kwenye damu na kuanza doria.

Vituo vyao vikubwa ni tezi za limfu, ambazo nyingi ni ndogo kama maharage. Ziko shingoni, kwapani, kwenye kinena na tumboni. Majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa ya damu hukusanywa na mishipa ya limfu na kupitishwa kwenye tezi hizo, kama malori yanavyopita forodhani kukaguliwa. Limfu haina moyo wake. Husukumwa na kuta za mishipa yake na misuli ya mwili unapotembea, na vilango vya ndani huizuia kurudi nyuma. Mwishowe humwagika tena kwenye damu karibu na mtulinga.

Chembe B isiyokuta adui ndani ya tezi huondoka na kwenda kutazama kwingine. Iliyomkuta hubaki, ikazaliana kwa kasi na kubadilisha vinasaba vyake ili itengeneze kingamwili zinazomshika adui barabara. Ndiyo maana shingo ya mtoto hufanya tezi akiumwa koo.

Kazi hiyo ya haraka ina hatari yake. Katika saratani ya Burkitt, kipande cha kromosomu hukatika na kujiunga pasipo pake, na kinasaba kiitwacho MYC kikabaki kikiamuru chembe izaliane bila kukoma. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000, wakiulizia ugonjwa huo hospitali hadi hospitali. Waliukuta zaidi sehemu za joto na mvua, zilezile za malaria. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kutangaza mwaka 1964 kwamba wameona kirusi ndani yake. Kirusi hicho, Epstein-Barr, huishi ndani ya chembe B za watu wengi bila kuwadhuru. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha chembe hizo kuzaliana mno, na nafasi ya kosa huongezeka.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua Uganda kuwa kituo cha umahiri wa saratani kwa nchi wanachama.

Habari njema ni kwamba saratani hii husikia dawa. Uvimbe huweza kunywea ndani ya siku chache, na hapo ndipo wazazi wengine hukosea: wakiona taya limerudi, humchukua mtoto na kurejea kwenye biashara kabla dozi hazijaisha. Chembe chache zilizobaki hutosha kuurudisha ugonjwa.

Taya linalovimba upesi, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalotokeza au tumbo linalojaa haraka havingojei siku ya gulio ipite. Mtoto apelekwe hospitali iliyo karibu, upande wowote wa mpaka. Na usiku alale ndani ya chandarua.