Je, Wajua? Buibui wa Septemba Hakimbii Baridi

Je, wajua kwamba buibui wakubwa wanaokatiza sebuleni nchini Uingereza kila Septemba hawaingii ndani kutafuta joto? Wengi wao ni madume, tena walikuwamo humo humo muda wote: nyuma ya kabati, chini ya sakafu, stoo. Agosti inapokwisha wanakuwa wamepevuka. Hapo huacha utando wao na kuzurura usiku wakitafuta majike, ambao wao hubaki wametulia kwenye tando zao. Kwa hiyo kinachoongezeka hasa ni matembezi.

Dume utamtambua kwa vipapasio viwili karibu na mdomo, vilivyovimba nchani. Humo hubeba mbegu zake. Akimpata jike huweza kuishi naye wiki kadhaa kwenye utando mmoja, kisha hufa, na pengine jike humla.

Na yule anayekutwa asubuhi ndani ya hodhi la kuogea? Hakupanda kupitia bomba la maji machafu, kwani kona ya bomba hilo hukaa na maji. Aliteleza akipita zake, na miguu yake haishiki kuta laini. Tafadhali usimmwagie maji. Tundika taulo ukingoni apandie.