Sheria za kuagiza almasi ghafi zinavyozuia biashara ya vita, na pale zinapokwama

ALMASI ghafi ni mali rahisi kuficha, ghali mno, na ni vigumu kutambua ilikochimbwa kwa kuitazama tu. Sifa hizo ndizo zilizowafanya waasi wa UNITA nchini Angola na wale wa RUF nchini Sierra Leone kuitegemea kugharimia vita katika miaka ya 1990.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku almasi za Angola zisizo na cheti cha serikali mwaka wa 1998, na mwaka wa 2000 likachukua hatua kama hiyo kuhusu Sierra Leone. Hata hivyo, magendo yaliendelea kupitia nchi jirani, kwani jiwe lililovushwa mpakani liliuzwa kama mali ya nchi hiyo nyingine.

Ili kuziba mwanya huo, mataifa ya kusini mwa Afrika yanayochimba almasi yalikutana katika mji wa Kimberley, Afrika Kusini, Mei 2000. Mazungumzo hayo yalizaa Mpango wa Kimberley, ulioanza kutekelezwa Januari 1, 2003. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ni miongoni mwa wanachama wake.

Mpango huo si mkataba wa kimataifa. Nguvu zake hutokana na sheria ambazo kila mwanachama hujitungia. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria iliyopitishwa mwaka wa 2003 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayeikiuka makusudi.

Chini ya utaratibu huo, shehena husafirishwa katika kasha lililofungwa kwa lakiri, pamoja na cheti kisichoghushika kwa urahisi. Cheti huonyesha nambari yake, majina ya muuzaji na mnunuzi, uzito kwa karati na thamani kwa dola za Marekani. Nchi inayopokea huthibitisha kwa ile iliyotuma kwamba mzigo umefika. Ni marufuku kwa mwanachama kufanya biashara hiyo na nchi isiyo mwanachama.

Hesabu hizo hufichua mengi. Mwaka wa 2004, Congo-Brazzaville ilifukuzwa baada ya kushindwa kueleza chanzo cha almasi ilizokuwa ikiuza nje. Ilirejeshwa mwaka wa 2007.

Tatizo kubwa limo katika tafsiri. Almasi za vita, kwa mujibu wa Mpango huo, ni zile tu zinazofadhili waasi wanaopigana na serikali halali. Mwaka wa 2008, wanajeshi wa Zimbabwe walivamia machimbo ya Marange, ambako mashirika ya kutetea haki za binadamu yaliripoti kuuawa kwa zaidi ya watu 200. Kwa kuwa waliotuhumiwa walikuwa askari wa serikali, mawe hayo hayakuingia katika tafsiri hiyo. Uuzaji wake ulisimamishwa kwa muda, lakini ukaruhusiwa Novemba 2011 katika kikao cha Kinshasa. Shirika la Global Witness, lililokuwa mstari wa mbele kuuasisi Mpango huo, lilijiondoa mwezi uliofuata.

Kubadilisha tafsiri hiyo si rahisi, kwani uamuzi huhitaji maafikiano ya wanachama wote. Aidha, cheti hukomea kwa almasi ghafi. Jiwe likishachongwa, mnunuzi hutegemea ahadi ya muuzaji.

Hivyo basi, cheti humhakikishia mwagizaji kwamba jiwe limepitia njia halali. Hakimwelezi iwapo aliyelichimba alilipwa, alipigwa au aliuawa.