Siku ya Mapumziko ya Mtumishi wa Nyumbani

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hapa Magamba na katika vijiji vingine vya milima ya Usambara, si nyumba chache zilizopata kumtoa binti kwenda kutumika katika nyumba za watu. Hushuka kwa basi hadi Mombo, kisha huelekea Tanga, Arusha au Dar es Salaam. Na baadhi yetu hupokea watoto wa wenzetu. Jambo hili, basi, linatugusa pande zote mbili: sisi ni wazazi wa watumishi, tena ni matajiri wa watumishi.

Mfanyakazi wa ofisi au wa shamba la chai hurudi kwake jioni. Mtumishi alalaye kwa tajiri wake hana pa kurudi. Kazi na malazi yake vi chini ya paa moja. Akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, akalala saa nne usiku baada ya kuosha vyombo, amekuwa tayari kuitwa kwa muda wa saa 17. Kwa siku saba, hizo ni saa 119. Nasi husema, "Anakula na kulala bure." Tunamhesabia ugali, hatumhesabii saa zake.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi sita. Kila wiki mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 kwa uchache. Kwa aishiye mahali pa kazi, mapumziko ya kila siku yaweza kupunguzwa kutoka saa 12 hadi 8. Lakini siku yake ya wiki haifutwi kwa sababu hiyo. Asifanye kazi siku hiyo ila kwa ridhaa yake, na kila saa alipwe maradufu. Tena, kwa mapatano ya maandishi, apate saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Haya yamfaa binti wa Magamba atumikaye Tanga: aweza kupanda mlima, akalala kwao, akarejea.

Huenda mtu akasema: Uislamu haukutuwekea siku ya kuacha kazi, hata Ijumaa, Sala ikiisha, twaruhusiwa kutawanyika kutafuta riziki. Ni kweli. Lakini ruhusa ya kufanya kazi si ruhusa ya kumnyima mwenzako pumziko. Salman alimnasihi Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusali usiku, kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadiki Salman. Ikiwa nafsi ina haki hata mbele ya ibada za sunna, itakosaje haki mbele ya masufuria yetu? Naye Abu Dharr alifundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba watumishi ni ndugu zetu, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha, tuwasaidie.

Basi siku hiyo itajwe tangu siku ya kuajiri, na iandikwe. Isiwe siku ya kupumzika huku mtoto yu mgongoni. Awe huru kwenda darasani, kwa jamaa zake, au kulala tu. Wala asikatwe mshahara. Vyombo vya siku hiyo na vioshwe na watoto wetu, wa kike na wa kiume, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwasaidia watu wa nyumbani mwake kazi zao.

Nawe mzazi umtoaye binti, usiulize mshahara peke yake. Uliza pia: siku yake ni ipi?

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwatendea watoto wa wenzetu kama tupendavyo watoto wetu watendewe. Amin.